Upindo tuliousahau: miaka sita ya kutunza mfumo wa usanifu

Naandika haya nikimfikiria mtu mmoja: msanifu au mtengeneza programu ambaye wiki hii bosi wake amemwambia, "Hebu tutengenezee mfumo wa usanifu, tumalize huu ugomvi wa vitufe." Mimi niliambiwa hivyo mwanzoni mwa 2019, na nikafurahi kama mtu aliyepewa kiwanja. Nilichukua daftari jipya siku hiyo hiyo. Sikuuliza swali hata moja kuhusu mwaka wa pili.

Ofisi yetu ilikuwa Kijitonyama, Dar es Salaam. Tulitengeneza programu ya simu ya vikoba: wanachama wananunua hisa kila wiki, mweka hazina anaingiza, kila mmoja anaona salio na mikopo kwenye simu yake. Baadaye ikaongezeka programu ya mawakala, kisha tovuti ya wafanyakazi wetu wa ndani. Timu tatu, na kila timu ilichora inavyojua. Mfumo wa usanifu ungewapa wote vipande vile vile vya kujengea skrini (vitufe, kadi, fomu, ujumbe wa makosa), rangi zile zile, nafasi zile zile, pamoja na maelezo ya lini kitumike nini. Vipande hivyo tunaviita komponenti. Kila komponenti huwa na sura mbili: mchoro wake kwenye Figma, programu ya kuchorea skrini, na msimbo wake kwenye hazina ya programu, yaani pale misimbo yetu yote inapohifadhiwa. Sura hizo mbili zikiachana, mfumo umeanza kuoza.

Tulianza vizuri. Mimi na mwenzangu tulipiga picha kila skrini ya programu zote, tukazichapa, tukazibandika ukutani. Kazi moja tu, ile ya kuthibitisha malipo, ilikuwa na vitufe vya aina 14. Mahali pengine kimeandikwa "Thibitisha", pengine "Kubali", pengine "Sawa", pengine "Wasilisha". Kuna kimoja kilikuwa chekundu, rangi ambayo skrini ya jirani iliitumia kufuta akaunti. Zoezi hilo la ukutani nalipendekeza kwa yeyote anayeanza, kwa sababu hakuna ripoti iliyowahi kumshtua mkurugenzi wetu kama ule ukuta. Alisimama pale kama dakika kumi bila kusema kitu, kisha akatupa bajeti.

Bajeti ilikuwa ya miezi saba. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia, na mimi ndiye niliyeliandika kwa mkono wangu: kwenye andiko la mradi niliweka tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

Tulijenga komponenti 62. Tulijifunza kwa wakubwa: Material Design ya Google, iliyokuwepo tangu 2014, na mfumo wa serikali ya Uingereza, GOV.UK Design System, uliotoka 2018. Tuliiga vipimo vyao, mpangilio wao wa maelezo, hata urefu wa aya zao. Tulichokiacha ni namna wanavyoishi na mifumo ile kila siku: nani anapokea maombi, nani anakataa, kwa hoja gani. Hayo hayaonekani kwenye picha za skrini, kwa hiyo hatukuyaona. Na kati ya zile 62, nyingi tulizitengeneza kwa kubahatisha kwamba siku moja zitahitajika. Kalenda ya kuchagua tarehe ilituchukua wiki tatu. Hadi tunaifuta mwaka 2024, hakuna timu iliyokuwa imeitumia hata mara moja, kwa sababu kikoba hakichagui tarehe. Kinakutana Jumamosi, na mfumo unajua leo ni lini.

Tulizindua Novemba 2019, kwa pilau na hotuba. Ripoti yangu iliishia na maneno "mradi umekamilika". Januari nilihamishiwa kazi nyingine, na mwenzangu akapata ajira Nairobi.

*

Mwaka 2020 wote mfumo ulionekana mzima. Ulikuwa bado mpya, na watu walikuwa bado wanakumbuka ule ukuta. Lakini ombi la kwanza la kubadilisha kitu lilikuja mwezi wa pili tu baada ya uzinduzi, na jinsi nilivyolijibu ndiyo sehemu ya simulizi hii ninayoijutia kuliko zote.

Kijana wa timu ya mawakala alinifuata mezani. "Dada, hii kadi ya salio ina mstari mmoja. Sisi tunahitaji iwe inaweza kushika miwili, kiasi kinakuwa kirefu." Nilimjibu kwamba kadi ni ya mstari mmoja, ndivyo ilivyoandikwa, na kama kila mtu ataomba yake tutarudi kwenye vitufe 14. Nilisema kwa upole, ila nilisema kama askari wa zamu. Yeye akasema, "Sawa dada," akaondoka.

Nilidhani nimelinda mfumo. Alichofanya, na mimi ningefanya vivyo hivyo, ni kunakili msimbo wa kadi yangu, kuubandika kwenye programu yake, na kuurekebisha apate mstari wake wa pili kwenye skrini moja aliyoihitaji. Skrini nyingine zikatumia nakala hiyo hiyo bila hata marekebisho yake. Hakuna aliyeniambia, na sikuuliza. Miezi michache baadaye watu walianza kufanyia kazi nyumbani kwa sababu ya korona. Yale mazungumzo ya pembeni, ya kupita nyuma ya kiti cha mtu ukaona skrini yake, hayakuwepo.

Kadi yangu yenyewe ilikuwa na kasoro, na chanzo chake ni kwamba tuliisanifu kwa mifano ya Kiingereza na kwa pesa ndogo. Kwenye Figma, kitufe kiliandikwa "Send", nasi tukakipa upana wa kudumu. "Tuma" ikaingia bila shida. Ila kiungo cha "Forgot PIN?" kikawa "Umesahau namba ya siri?" na kukatika katikati. Salio la mfano tuliandika 45,000. Kikoba cha watu 30 kinachokaribia kugawana mwisho wa mwaka hakina 45,000. Kina mamilioni. Ukisanifu kwa ajili ya watu wetu, weka maneno ya Kiswahili marefu kuliko yote uliyonayo na kiasi kikubwa kuliko vyote kinachowezekana, na uviweke siku ya kwanza. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu, ongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho, utazame tena.

Hilo la ukubwa wa maandishi niliwahi kuliona. Novemba 2020, mfanyakazi mmoja wa ndani alilalamika, nikarekebisha kadi ya mfumo ili namba ishuke mstari wa pili badala ya kukatwa. Nilifanya hivyo usiku mmoja, kwa hiari, bila kuandika popote. Nikalala nikijua tatizo limekwisha kila mahali. Si ndiyo faida ya mfumo, ukirekebisha pamoja umerekebisha pote?

*

Julai 2021 tulipigiwa simu kutoka Mbagala. Kikundi kimoja kilikuwa kimemsimamisha mweka hazina wake kwa tuhuma za wizi. Walisema programu yetu wenyewe ndiyo iliyomuumbua.

Tulikwenda wawili, mimi na mwenzetu wa huduma kwa wateja. Mama mwenyewe alikuwa mtu mzima, amevaa miwani, na alitupokea kwa adabu ambayo hatukustahili. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni mkae." Akatuletea maji kwanza. Kisha akanipa simu.

Alikuwa amekuza maandishi ya simu yake kwa sababu ya macho. Kwenye programu ya mawakala, ambayo wakala wa jirani alimwekea ili aweze kupokea michango, kadi ya salio la kikundi ilisomeka: TSh 2,450,00. Sifuri ya mwisho ilikuwa imekatwa ukingoni, bila nukta, bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba namba inaendelea. Kikundi kilikuwa na 2,450,000. Simu ilipopitishwa mkono kwa mkono kwenye mkutano, mtu mmoja alisoma kwa sauti: laki mbili na arobaini na tano elfu. Na mkutano ukachafuka.

Kwa wiki mbili yule mama hakwenda sokoni. Hela zilikuwepo zote, hakuna shilingi iliyopotea. Kilichopotea ni jina lake, kwa majirani aliokaa nao zaidi ya miaka ishirini. Tuliitisha mkutano, tukaonyesha hesabu kwenye simu tatu tofauti, tukaomba radhi mbele ya kikundi kizima. Walimrudishia nafasi yake. Alilia, na mimi nikalia kwenye daladala wakati wa kurudi. Nilijua kitu ambacho kikundi hakikujua: kasoro ile nilikuwa nimeshairekebisha miezi minane nyuma. Marekebisho hayakumfikia kwa sababu kadi aliyokuwa nayo mkononi haikuwa kadi ya mfumo. Ilikuwa nakala, na nakala ilizaliwa siku niliyomwambia yule kijana hapana.

Jioni ile nilipekua misimbo ya timu zote nikitafuta nakala za kadi. Nilikuta tisa.

Nimelirefusha tukio hili makusudi. Ninapoulizwa mifumo ya usanifu inakufaje, wengi hutegemea nitaje teknolojia kupitwa na wakati. Kwa nilivyoona mimi, mfumo huanza kufa siku ambapo kuuzunguka ni rahisi kuliko kuubadilisha. Kila anayeuzunguka ana sababu, na sababu hiyo ndiyo taarifa muhimu kuliko zote unazoweza kupata juu ya mfumo wako. Ukimkaripia, hataacha kuzunguka. Ataacha kukuambia.

*

Desemba hiyo nilikwenda nyumbani Morogoro. Mama yangu ni fundi cherehani, na Desemba ni msimu wa sare za shule. Nilikaa naye kibarazani namsaidia kushona vifungo, nikamsimulia habari za Mbagala. Hakuingia kwenye mambo ya simu. Alinionyesha sketi aliyokuwa anapinda, upindo wake ukiwa mpana kama vidole vinne. Akasema mzazi huwa analalamika kwamba kitambaa kimekwenda kingi, lakini yeye hawezi kumshonea mtoto wa miaka tisa sketi ya saizi ya leo tu. Januari ya mwaka unaofuata huwa wanamrudishia, anafumua upindo, anateremsha, sketi inaendelea.

Niliporudi kazini nilianza kutazama kila komponenti kwa swali hilo: upindo wake uko wapi? Kadi ilikuwa na sehemu ya kichwa na sehemu ya namba, basi. Hapakuwa na nafasi ambayo timu ingeweza kuweka kitu chake bila kuivunja. Kadi mpya niliipa sehemu tatu zilizo wazi, juu, katikati na chini, ambazo anayeitumia anajaza anavyotaka. Mfumo unashikilia mambo machache tu: ukingo, nafasi za pembeni, na jinsi namba inavyoshuka mstari. Kanuni niliyoifuata ni kwamba mfumo ushike yale ambayo yakikosewa mtu anaumia, na ulegeze mengine. Namba ya pesa isikatwe kamwe. Lakini kama mtu anataka picha ya mwanachama juu ya kadi, inamdhuru nani?

Yote haya niliyafanya jioni na mwisho wa wiki, kwa sababu rasmi nilikuwa kwenye mradi mwingine. Usifanye hivyo. Niliumwa, nyumbani tukagombana, na kibaya zaidi ofisi ikazoea kuamini kwamba mfumo unajitunza wenyewe.

*

Machi 2023 kampuni ilibadilisha rangi ya nembo. Kijani chetu cha miaka yote kikaachwa, tukapewa rangi ya machungwa. Kikaoni nikaulizwa itachukua siku ngapi. Nikasema mbili. Nilijiamini kabisa: rangi iko sehemu moja, unabadilisha thamani moja, imekwisha.

Ilichukua wiki kumi na moja.

Mwaka 2019 tuliipa rangi ile jina "kijani-kuu". Jina lilieleza sura yake, na sote tulilitumia kila tulipotaka kijani: kitufe kikuu, viungo, nembo, na pia ujumbe wa "Muamala umekamilika" pamoja na alama yake ya vema. Nilipobadilisha thamani, vyote viligeuka machungwa, ujumbe wa mafanikio ukiwemo. Na tayari tulikuwa na rangi ya njano iliyoiva kwa ajili ya "Muamala unasubiri". Tulipeleka toleo hilo kwa mawakala wachache wa majaribio Kariakoo. Kabla ya saa sita mchana wawili walikuwa wametuma fedha mara mbili, kwa sababu waliona rangi wakadhani muamala wa kwanza umekwama. Tulirudisha toleo la zamani siku ile ile na kufidia.

Kulikuwa na la pili. Maandishi meupe juu ya rangi ile ya machungwa yalikuwa na uwiano wa chini ya 3:1, yaani tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake ilikuwa ndogo. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wote, unataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na mtu anayefanyia kazi juani chini ya mwavuli anauhitaji kuliko mtu wa ofisini. Watu wa nembo hawakupenda kusikia. Tulikubaliana maandishi juu ya machungwa yawe ya kahawia iliyokolea, na ujumbe wa mafanikio ubaki kijani, ukiwa na alama na maneno, usitegemee rangi peke yake.

Zile wiki kumi na moja zilitumika kutenganisha majina. Wazo la tokeni za usanifu lilianzia Salesforce kwenye muongo wa 2010, na kwa maneno ya kawaida ni hili: uamuzi wa usanifu unapewa jina, na jina ndilo linalotumika kila mahali badala ya thamani yenyewe. Sisi majina tulikuwa nayo, ila yalikuwa majina ya sura. Tulipanga upya kwa tabaka mbili. Tabaka la chini lina rangi zenyewe, kijani cha kwanza, cha pili, machungwa ya tatu, na hakuna timu inayoruhusiwa kuligusa moja kwa moja. Tabaka la juu lina majina ya kazi: rangi ya kitendo kikuu, rangi ya mafanikio, rangi ya onyo, rangi ya maandishi juu ya kitendo kikuu. Timu zinatumia hayo ya juu. Tulipitia kila mahali palipoandikwa "kijani-kuu" na kuuliza: hapa kijani kilikuwa kinasema nini? Ni kazi ya mikono na macho, haina njia ya mkato. Tuliikuta pia rangi ileile imeandikwa kwa namba yake badala ya jina kwenye sehemu zaidi ya mia tatu, na kila moja ilikuwa na historia yake.

Juni mwaka huo huo Figma walileta uwezo wa kuhifadhi thamani kama hizi ndani ya michoro yenyewe, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mchoro na msimbo vikawa vinatumia majina yaleyale. Mandhari meusi, ambayo watumiaji walikuwa wakiyaomba tangu Android 10, yalituchukua siku nne baada ya hapo. Tulibadilisha thamani za tabaka la juu tu.

Jaribio rahisi la jina: likibaki kweli baada ya kubadilisha thamani yake, ni jina zuri. "Kijani-kuu" chenye rangi ya machungwa ni uongo. "Rangi-ya-kitendo-kikuu" itakuwa kweli hata ikiwa zambarau.

*

Baada ya hasara ile ndipo nilipopata ujasiri wa kuomba nilichopaswa kuomba mwaka 2019: watu, tena wa kudumu. Sikuomba bajeti ya mradi. Nilipeleka hesabu ya wiki kumi na moja za watu wawili, fidia za mawakala, na matoleo yaliyochelewa. Nikaonyesha kwamba siku mbili kwa wiki za watu wawili kwa mwaka mzima zingekaribiana na gharama ile, na zingebaki na faida. Tulipata. Kama bosi wako hapendi neno "mfumo", mpelekee gharama ya siku mfumo ulipokosekana.

Haikuwa mwisho wa makosa. Oktoba 2023, Ijumaa mchana, nilitoa toleo jipya nikiwa nimefuta majina ya zamani ya rangi yote kwa pamoja. Niliona kazi imekwisha, ya nini kubeba mizigo? Timu mbili hazikuweza kujenga programu zao jioni ile, na mmoja wao alikuwa na toleo la kupeleka kabla ya Jumatatu. Nilikaa nao hadi saa tano usiku. Tangu hapo jina la zamani huishi miezi sita likiwa limeelekezwa kwenye jipya. Msimbo unatoa onyo kila linapotumika, na tunaandika kaprogramu kadogo ka kubadilisha majina ili timu isifanye kwa mkono. Tunatumia namba tatu za toleo: ya kwanza ikipanda, ujue kuna kitu kitavunjika upande wako, ya kati, kuna kipya, ya mwisho, kuna kasoro imerekebishwa. Na hatutoi kitu Ijumaa.

Pia tuna daftari la mabadiliko, linaloandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, kwa ajili ya binadamu: nini kimebadilika, kwa nini, wewe ufanye nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Laiti marekebisho yangu ya Novemba 2020 yangeandikwa humo, mtu wa timu ya mawakala angeyasoma na kujiuliza kuhusu nakala yake.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni folda tunayoiita Baraza. Nyumbani kwa Mswahili mgeni hakaribishwi moja kwa moja chumbani. Anakaa barazani, mnazungumza, mnafahamiana. Timu ikihitaji kitu ambacho mfumo hauna, inajenga yenyewe na kukiweka Barazani, kikiwa na jina la aliyekileta na sababu. Wengine wanakiona na wanaweza kukitumia wakijua kwamba kinaweza kubadilika. Timu ya pili ikikihitaji, tunakaa na kukiingiza ndani rasmi. Kikikaa miezi sita bila wa pili, kinarudi kwa mwenyewe bila ugomvi. Hapa hatimaye tulijifunza kwa wale wa GOV.UK, ambao kabla ya kupokea kitu wanataka kuona kina manufaa na hakirudii kilichopo. Tofauti yetu ni kwamba tunamwacha mwenye shida aendelee na kazi yake wakati sisi tunatafakari. Kila Jumatano saa nane mchana kuna saa moja ya wazi. Anayetaka anakuja, hata kulalamika tu. Mtu akiuzunguka mfumo, swali letu la kwanza ni moja: ulikwama wapi?

Na tunafuta. Komponenti zile 62 sasa ni 31. Kufuta kulinipa shida moyoni, nyingine nilizichora wakati mwanangu ana miezi mitatu. Lakini kila kisichotumika kinadai kujaribiwa, kuelezwa na kusasishwa, na muda huo unatolewa kwenye kinachotumika.

Mwaka 2025 tulipata kipimo kutoka nje. Google Play waliweka tarehe 31 Agosti kuwa mwisho: sasisho lolote baada ya hapo lilenge Android 15. Ukiilenga Android 15, programu inachorwa hadi kingo za skrini, nyuma ya vitufe vya simu yenyewe. Kwetu ilimaanisha kitufe cha "Thibitisha" chini ya skrini kinaweza kufunikwa. Kwenye skrini zinazotumia fremu ya mfumo, ile komponenti inayobeba skrini nzima, tulirekebisha sehemu moja, na kwa siku mbili programu zote zikawa sawa. Skrini tano zilibaki nje, zote za fomu ya mkopo, zilizokuwa zimejengwa kwa fremu ya nakala. Mwenye fomu hiyo alikuja Jumatano akatuambia mwenyewe kabla hatujaigundua. Fremu yetu haikumruhusu kuweka hatua za fomu juu. Tuliongeza nafasi hiyo, naye akairudisha fomu ndani wiki ile ile.

Yule mama wa Mbagala bado ni mweka hazina. Mwaka 2024 alimwambia wakala wake kwamba hata namba ikiwa kamili, mikutanoni watu wanabishana kuhusu sifuri, na akauliza kwa nini simu isiandike kwa maneno kama hundi ya benki. Wakala akamfikishia yule kijana niliyemwambia hapana miaka ile, naye akaijenga akaiweka Barazani: mstari mdogo chini ya salio. Timu ya vikoba ikaitaka ndani ya mwezi mmoja. Sasa imo kwenye kadi ya mfumo, sehemu ya chini, ile tuliyoiacha wazi. Chini ya TSh 2,450,000 panasomeka: milioni mbili, laki nne na hamsini elfu.